Kapo ya Papa Yako kwenye Kaze ya Tano

Asifiwe, mutoto wangu,

Umeenda Majengo kumuaga shangazi yako, na vile ninavyomujua, hatakuachilia kabla hajakulisha hadi ushindwe kuinuka. Kwa hiyo nina nafasi. Mashine yangu ya kushona nimeisukuma pembeni, jua bado liko juu ya ziwa, na gita iko hapa mezani ndani ya mufuko niliokushonea. Kesho asubuhi utavuka barrière ya mupaka wa Gisenyi, utapanda basi ya Kampala, na mimi nitabaki hapa Keshero na nyumba hii ya mbao. Mambo ya kufua, kula na kulala mapema sitayaandika. Kama haukuyashika hadi leo, karatasi haitakusaidia.

Nataka nikuandikie juu ya kapo, kile kibanio cha shingoni mwa gita kinachopandisha sauti ya nyuzi. Najua umeshanikunjia uso. Tangu volkano ya mwisho, tangu ile asubuhi ya Lac Vert, neno hilo halijasemwa kati yetu, na tumeishi nyumba moja kama watu wanaozunguka shimo sakafuni. Basi leo nalisema.

Nianze na lililo rahisi. Huko Kampala utakuta kapo za kila namna, na muuzaji atakusifia ile inayong'aa. Umuache aongee hadi achoke. Wewe angalia kwanza shingo ya gita yako. Hii yetu ina nyuzi za chuma na shingo yake imebinuka kidogo, kwa hiyo kapo yenye mupira ulionyooka itabana nyuzi za pembeni na kuziacha za katikati zikikoroma. Utafikiri vidole vyako ndivyo vibaya, kumbe ni chombo. Ile ya springi unaiweka kwa mukono mumoja tu, haikuchoshi, lakini springi haina akili. Inabana kwa nguvu ileile kila siku, nyuzi zinavutika kupita kiasi, na sauti inapanda kidogo kuliko ulivyotaka. Ile ya skrubu inachelewesha, na wenzako watakungoja huku wanapiga miayo, lakini unaikaza wewe mwenyewe kwa kadiri nyuzi zinavyohitaji. Mimi ningechukua ya skrubu. Lakini mimi ni fundi wa nguo, napenda kitu ninachoweza kukilegeza.

Uiweke ndani ya kaze, ile nafasi kati ya chuma na chuma shingoni, na uisogeze karibu kabisa na chuma cha mbele. Usiikalishe juu ya chuma chenyewe, sauti itakufa. Usiiache katikati, nyuzi zitanung'unika. Kisha gusa nyuzi moja moja. Ukisikia moja inakoroma, usikimbilie kukaza, isogeze kwanza. Halafu panga sauti upya, hata kama unaona uvivu, na wewe uvivu wa kupanga sauti unao, usinibishie. Ukimaliza kuimba, iondoe. Kapo inayolala shingoni inakula mbao na kuzikunja nyuzi.

Hayo yote alinifundisha papa yako. Kapo yangu ya kwanza ilikuwa kalamu ya kuandikia na elastiki ya chupi. Ndiyo, elastiki ya chupi, kwani nilikuwa naanza kazi ya kushona na ndiyo niliyokuwa nayo. Nilifunga kalamu shingoni mwa gita ya kanisa kule Masisi, nikapiga nyimbo mbili, elastiki ikakatika na kalamu ikamupiga pasta kwenye paji la uso. Papa yako, Bahati, alicheka hadi akakaa chini. Baada ya ibada alinikatia utepe wa mupira wa ndani wa baiskeli, akanionyesha namna ya kuuzungusha bila kuuvuta kupita kiasi. Aliniambia kapo haimufanyi mutu kuwa fundi wa gita. Inabeba wimbo na kuupeleka pale koo la mutu lilipo. Nilimupenda siku hiyo, na sijaona haya kuliandika.

Tulipohamia Goma tuliingia korale, kwaya ya kanisa la hapa Keshero, na unajua desturi yake, ila haujawahi kuisikia kutoka kwangu. Kila muimbaji wa solo ana kaze yake. Mama Riziki ni kaze ya pili. Muzee Ndagano, kiongozi wetu, ana sauti ya chini kiasi kwamba kapo haimuhusu. Papa yako alikuwa kaze ya tano, juu kule, na alikuwa anafika bila hata kukunja shingo. Wimbo wako unaimbwa kwenye kaze yako, na ukiugua unakungoja. Ukifa, korale inakuja kaburini, inauimba mara ya mwisho kwenye kaze yako, na mutu wa nyumba yako anaiondoa kapo mbele ya wote. Tunaita kufungua. Kuanzia hapo wimbo ni wa kila mutu, na kila mutu anauimba pale koo lake linapopenda.

Walioanzisha desturi hiyo hawakufikiria vita. Walifikiria watu watakufa kitandani na wenzao watajua. Mutu aliyepotea hana kaburi, kwa hiyo hakuna mahali pa kusimama na kumufungua. Wimbo wake unabaki umefungwa, na anayetaka kuuimba lazima aufuate kwenye kaze yake ileile.

Ulikuwa bado unabebwa mugongoni wakati ule. Waasi walikuwa wamekaa kwenye milima ya juu ya Sake, sijui tena walikuwa wa jina gani, wamebadilisha majina mara nyingi kuliko mimi nilivyobadilisha sindano. Papa yako aliendesha lori la viazi na maharagi kutoka Masisi, na gita alikuwa anaiweka kando yake mbele, kwenye kiti, ili avunje usingizi akisimama njiani. Siku moja hakufika. Kesho yake vijana wa kanisa waliikuta lori Lac Vert, kando ya barabara, uso wake kuelekea Goma. Haikuwa na tundu la risasi. Milango yote miwili ilikuwa wazi. Magunia yote yalikuwepo, hata moja halikuguswa, na hilo ndilo lililowatisha vijana, kwani muji huu wote unajua watu wenye bunduki wanavyopenda maharagi. Gita ilikuwa imekaa kwenye kiti cha dereva, wima, na kapo kwenye kaze ya tano.

Unajua palivyo pale. Barabara iko juu, na chini yake kuna mabonde madogo kati ya mawe ya volkano ya zamani, ambako mazuku inalala. Hewa ile haina rangi wala harufu. Inatoka chini ya ardhi na kujaza bonde kama maji yanavyojaza beseni, na asubuhi bila upepo inaweza kufika kiunoni. Vijana walijifunga vitambaa vyenye maji mudomoni, wakashuka kwa zamu, wakatafuta. Hawakupata hata kiatu. Wakaniletea gita.

Korale walikuja hapa nyumbani. Muzee Ndagano alizunguka sana kabla ya kusema kwamba labda tumufungue hivyohivyo, bila mwili. Nilimuambia mume wangu si gunia, hafunguliwi kabla hajaonekana. Mama Riziki aliporudia maneno hayo wiki iliyofuata nilimurudishia kitambaa chake bila kushona. Nilining'iniza gita ukutani na kapo palepale, na aliyetaka kuigusa alijua atanikuta.

Ulipofika umri wa kuanza kuimba solo, niliishusha gita ukutani, kapo palepale, nikakufundisha wimbo wake. Wewe una sauti nzito, Asifiwe. Umeichukua kwa mama yangu. Mahali pako ni bila kapo, au kaze ya kwanza ukiwa umechangamka, na mutu yeyote mwenye masikio angejua. Nilijua. Nilikupandisha kaze ya tano. Nilikuwa naona mishipa ya shingo yako imesimama, naona unavyomeza mate kabla ya mustari wa tatu, na nilikuwa nasema, tena. Kisha nakupa asali na maji ya moto, na kesho yake tena. Watu wa kanisa walikuwa wanalia wakikusikia, wanasema ni Bahati mutupu, na mimi nilikuwa nasimama pale na gita, roho imenijaa.

Sasa nifike kwenye lile ambalo tuliliacha bila jina. Ilikuwa kwenye mazoezi, muchana, jua kali. Ulikuwa unaimba, mimi napiga, na Muzee Ndagano akanyoosha mukono akatunyamazisha. Aliuliza nani ameingia. Mulango ulikuwa umefungwa kwa sababu ya vumbi. Akatuambia turudie, tukarudia, na nikaona waimbaji wanaepuka kutazamana. Baada ya mazoezi alinivuta pembeni. Alisema mutoto akiimba pale juu, kuna mutu anaimba naye, chini yake kidogo. Alisema anaijua sauti hiyo kwa sababu alisimama kando yake miaka. Kisha akaniomba, kwa upole, nimufungue Bahati, kwa ajili yako. Nilichukua gita yangu na mukono wako, na hatukurudi korale.

Wewe ulifikiri nilitoka kwa hasira. Nilitoka kwa sababu nilikuwa nimeisikia sauti hiyo muda mrefu kabla yake, na sikutaka kugawana na mutu. Ukiimba hapa nyumbani jioni, nilikuwa nasimamisha mashine ili nisikie vizuri. Sikuogopa hata kidogo. Mume wangu alikuwa anaimba na binti yake, na mimi nimekaa nao, sindano mukononi, tulikuwa tumekamilika. Ni wewe uliyeogopa. Siku moja uliniuliza kwa nini ile sauti ya chini inaanza kabla yako. Nilikujibu ni mwangwi wa ukuta wa mbao. Mwangwi hauanzi kwanza, hata mutoto alijua, na uliniangalia tu ukaenda kulala. Nimelikumbuka jicho lile mara nyingi.

Halafu volkano ya Nyiragongo ikalipuka. Ile jioni ya kwanza anga yote ilikuwa nyekundu, moto ukashuka ukasimama kabla ya kufika huku kwetu, tukafikiri yamekwisha. Kumbe matetemeko yalikuwa yanaanza. Unakumbuka nyumba ilivyokuwa inacheza, na gita ukutani, na skrubu ya kapo ikigonga mbao, tik tik tik, hata dakika ambazo ardhi ilikuwa imetulia. Ulitaka kuitoa ukutani. Nilikukataza.

Walipotangaza tuondoke, muji muzima ulimiminika barabara ya Sake. Wewe ulibeba godoro na bidon ya maji. Mama yako, mwenye akili zake, aliacha sufuria akabeba gita. Ulinitania hadi kwenye muzunguko wa barabara, rond-point ya Mugunga, ukasema tukifika Sake tutapika nyuzi. Jirani yetu Mama Zawadi alikuwa nyuma yetu na mbuzi wake kwenye kamba. Giza lilitukuta Lac Vert, miguu imevimba, tukatandika bashi, turubai letu, kando ya barabara katikati ya watu wengine, na wenyeji wakapita wakituonya tusishuke chini kwa haja yoyote. Hakuna aliyeshuka. Tulilala tumebanana.

Asubuhi haikuwa na upepo. Ukungu ulikuwa umekaa chini mabondeni, na watu walikaa na blanketi zao mabegani, wanaangalia moshi wa mulima walikotoka. Muzee mumoja aliona gita akaomba tumuimbie kitu. Ungeweza kuimba wimbo wowote. Mimi ndiye niliyeanza kupiga ule wa papa yako, na wewe ukanifuata kwa sababu umezoea kunifuata.

Ulipoimba mustari wa kwanza, ilikuwa imeshaanza. Haikutoka pembeni yetu kama nyumbani. Ilitoka bondeni. Ilikuwa wazi, karibu, haina kikohozi wala umri, na ilikuwa mbele yako kwa mustari muzima, inaimba maneno ambayo wewe haujayafikia. Nywele zilinisimama, nikafurahi. Niliinuka na gita shingoni. Vidole vyangu viliendelea kupiga, sikuviambia kitu, na miguu ikaanza kushuka kwenye mawe.

Uliacha kuimba. Yenyewe haikuacha.

Nakumbuka magoti yangu yalipata joto, joto zuri, la maji ya kuoga. Nakumbuka kichwa chepesi. Mbele yangu ukungu ulikuwa umesimama palepale na ndani yake kulikuwa na mutu anayeimba, na nilijua nikipita mawe machache tu nitamuona uso. Kisha mukono wako ukashika shingo ya gita. Haukunishika mimi. Ulizungusha skrubu kwa vidole viwili, ulikuwa umekaza uso na unahema kwa mudomo, ukang'oa kapo ukaitupa nyuma kuelekea barabarani. Sauti ya nyuzi zote ikaanguka chini. Na palepale, pumzi ikiwa imekuishia, ukaanza wimbo ule kwa sauti yako mwenyewe, nzito, ya mama yangu, mahali ambapo haujawahi kuniimbia.

Ile nyingine ilikatika katikati ya neno. Ulinivuta, tukapanda kwa mikono na magoti, na juu Mama Zawadi alikuwa anapiga kelele amefunika mudomo kwa kitenge. Mbuzi wake alikuwa amekata kamba na kushuka nyuma yetu. Tulimuona pale chini, amelala ubavu, haguswi hata na nzi.

Nilikupiga kofi mbele ya watu wote. Nilikuambia: "Umemuzika papa yako."

Ukanijibu polepole, bila kulia: "Mama, ni miye niko hapa."

Hayo ndiyo maneno yetu ya mwisho juu ya jambo hilo. Nilirudi barabarani nikaitafuta kapo kwenye majani hadi nikaipata, nikaiweka tena kwenye kaze ya tano, nikakaza. Tuliporudi nyumbani niliining'iniza gita palepale. Haukuimba tena wimbo ule, na mimi sikukuomba. Ulianza kuzungumza habari za Kampala mwaka uleule.

Kuna kitu haukijui, na ndicho kimenifanya nikae na karatasi leo. Wewe na watu wote wa barabarani mulifikiri mama ameitwa na akaenda kama mutu anayelala. Mama Zawadi anasimulia hivyo hadi leo. Si kweli. Nilikuwa macho, na sauti ile haikuniita mimi.

Katika wimbo wa papa yako kuna mahali anaponyamaza, kabla ya mustari wa mwisho. Ulipokuwa mutoto mudogo alikuwa anajaza nafasi hiyo kwa jina lako, huku amekupakata. Hakukuita Asifiwe. Alikuita Sifa, yeye peke yake duniani. Sikukuambia kamwe jina hilo, nilijiwekea. Na ile asubuhi, pale chini, sauti ilifika mahali pa kunyamaza ikasema Sifa. Ikarudia. Sifa. Kwa utamu, kama mutu anayeita mutoto aje kula.

Nilimuelewa mara moja. Alitaka kukuona. Niligeuka nusu, nikanyoosha mukono nyuma, nikakupungia uje. Wewe ulifikiri ninaomba musaada, ndiyo maana ulishuka. Asifiwe, nilikuwa ninakupeleka. Nilikuwa najua hewa iko pale, nilikuwa nimemuona ndege mufu kwenye jiwe, magoti yangu yalikuwa yanaungua, na bado nilikupungia. Nilitaka akuone ulivyokua. Sikuwaza mbele ya hapo hata kidogo.

Nimejaribu miaka hii kusema ni mazuku ilinichanganya kichwa. Labda kidogo. Lakini mazuku haikunifundisha kukupandisha kaze ya tano ukiwa mutoto, kwenye sebule yenye madirisha wazi. Hiyo nilikuwa naifanya na akili zangu zote. Kwa muda mrefu nilikuwa ninakupa kwake kidogo kidogo, na pale Lac Vert nilikuwa tu nimefika mwisho. Ule mukono nilioupunga ndio huu unaoandika, na kuna siku nikikuona unapita mbele yangu na sahani nashindwa kukuangalia usoni.

Basi leo sikukutuma Majengo kwa bahati. Nilimuomba shangazi yako akuite na akushikilie. Ulipotoka tu nilichukua gita nikaenda korale. Sikuwa nimekanyaga pale tangu siku ile, na Mama Riziki, Mungu ambariki, alinipisha kwenye benchi kana kwamba nilitoka jana. Muzee Ndagano siku hizi anatembea na fimbo na haoni vizuri. Aliposikia hatua zangu alisema, umemuleta Bahati. Nikamuambia ndiyo.

Hatuna kaburi, kwa hiyo tulisimama uani, kwenye mawe meusi. Sikutaka uwepo. Nisamehe kwa hilo, mutoto ana haki ya kuwepo. Lakini niliogopa atakuita, na sikujiamini.

Nikapiga, wakaimba, kaze ya tano, wote wazee sasa na pumzi fupi. Alikuja. Nakuambia ukweli, kila mutu pale anajua alikuja. Alianza kabla yetu, akaimba muzima muzima, na tulipofika mahali pa kunyamaza akaanza kuita jina lako. Safari hii sikumuona kama mume wangu. Niliona tu ni sauti inayotafuta mutoto wangu ambaye hayupo, inauliza, inangoja, inauliza tena, na haina haraka. Watu wakaanza kurudi nyuma. Muzee Ndagano peke yake hakusogea. Aliinua uso akauliza lile swali la desturi: "Nani anamufungua?"

Nikasema: "Miye. Mujane wake."

Neno hilo halijawahi kutoka mudomoni mwangu. Skrubu ilikuwa imeshika kutu, nililazimika kuizungusha kwa meno ya koleo, na sauti ikaendelea kuita wakati wote niliokuwa nahangaika, karibu na sikio langu, hadi kapo ikatoka. Kisha tukabaki sisi tu. Niliuimba wimbo tena bila kapo, vibaya, mimi si muimbaji, na nilisikiliza kila nafasi ya kunyamaza. Hakukuwa na mutu. Kapo tumeifukia palepale chini ya mawe, na korale wamekula maharagi yangu kama inavyofanyika musibani.

Ukifungua mufuko utaona alama shingoni, mbao imebonyea kwenye kaze ya tano. Nyuzi zilikuwa zimepinda, nimezibadilisha. Alama haitaondoka, ila haizuii kitu, nimejaribu. Kapo hauna, na ndiyo sababu nimekuchosha na habari za springi na skrubu. Utanunua yako, utaiweka pale koo lako lilipo, na ukimaliza utaiondoa. Wimbo wa papa yako sasa ni wa kila mutu. Ukitaka kuuimba, uimbe kwa sauti yako nzito. Usipotaka, uache, sitauliza.

Ukirudi kutoka kwa shangazi utanikuta nimevaa kitambaa cheusi kichwani. Usishituke. Usinionee huruma pia, kaa tu karibu. Tangu ulipokuwa mugongoni kwangu hakuna aliyewahi kukupa pole, wala shangazi, wala mwalimu, wala kanisa, kwa sababu niliwafunga mudomo wote, nikakulea kama mutoto ambaye papa yake yuko njiani. Hayuko njiani. Amekufa zamani, na ulikuwa na haki ya kumulilia.

Basi pokea kwangu, nimechelewa. Pole sana, mutoto wangu. Umefiwa na papa yako.

Mama yako